Mpaka Sote Tuwe na Neno Moja

Shule ya Shamba, Kapseret
Eldoret
6 Februari 1949

Mama Rael mpenzi,

Mimi mzima, ila kiatu cha kushoto kilikata roho kati ya stesheni na hapa, nikaingia kazini nikiwa mwalimu wa mguu mmoja. Usimwambie Rael. Mwambie baba yake ameingia Sisibo, mji wenyewe wa Eldoret, kama bwana mkubwa.

Shule yenyewe ni ghala la ngano la zamani. Bwana, Mzungu mwenye shamba, ametoa mbao za kukalia, ubao mmoja mweusi, na chaki ambazo panya walizionja kabla yangu. Watoto ni arobaini na mmoja: Wanandi, Wabukusu, Wamaragoli, na Wateso wawili ndugu. Nilidhani taabu itakuwa kusoma. Taabu ilikuwa sala.

Kila mtoto amekuja na sala ya misheni ya kwao. Huyu anafanya ishara ya msalaba, yule anamcheka. Huyu anapiga magoti, yule anasema magoti ni ya Waroma. Mwingine akisema Amina anasikika hadi mtoni. Siku ya tatu wavulana wawili walitoana damu puani wakibishana kama Mungu anamsikia mtu aliyefungua macho. Nikasema basi. Nikawapa sala ya kanisa letu la Chwele, kukaa kimya. Nikawaambia kila mtu aongee na Mungu ndani ya tumbo lake, kwa lugha ya mama yake, mpaka nigonge ubao kwa kidole. Mama Rael, vita viliisha wiki ile ile. Kuna msichana wa Kinandi, Chepkoech, ana miaka minane. Aliniambia kwamba katika kimya kile alisikia ng'ombe wakicheua nje, akajua Mungu yuko karibu. Mhubiri gani angesema vizuri kuliko hapo?

Sasa sikiliza mkasa. Jumatano mke wa Bwana alikuja kutuletea vitabu vya picha. Akafungua mlango, akakuta watoto wote wameinamisha vichwa, hakuna anayegeuka, hakuna anayekohoa. Alirudi kinyumenyume mpaka akajikwaa. Kesho yake Bwana mwenyewe akaja.

"Unawaapisha?" akaniuliza.

Nikamwambia wanaomba.

"Mbona sisikii kitu?"

Tangu Dini ya Msambwa, ile ya kuwapinga Wazungu, ipigwe marufuku, Mwafrika akiomba kimya anakula kiapo, akiomba kwa sauti anachochea watu. Mahali pa katikati sijapaona. Bwana ametoa amri: kila asubuhi Baba Yetu isemwe kwa Kiswahili, kwa sauti, na nyapara Shitanda asimame mlangoni asikie kila neno. Shitanda ni mtu wa misheni nyingine, wa wale ambao sala zao zinasikika hadi Kesses. Hanipendi sana, lakini si mtu mbaya.

Sijamjibu Bwana. Sipendi kumfundisha mtoto kwamba Mungu ni kiziwi. Wewe unasemaje?

Mumeo,
Wilson Murunga


Chwele
20 Februari 1949

Baba Rael,

Umeniuliza mwenyewe, kwa hiyo usinune. Semeni Baba Yetu. Waseme watoto wote kwa sauti, hadi ng'ombe wa Bwana wakimbie. Ni sala ya Yesu mwenyewe, haina sumu. Mungu akitaka kimya atangoja jioni.

Rael alicheka sana habari ya mke wa Bwana. Mimi sikucheka. Juzi lori lilipita hapa likachukua wanaume wawili wa upande wa sokoni. Kosa lao ni kwamba mtu amesema aliwaona Malakisi mwaka jana, siku ile watu wa Msambwa walipopigwa risasi. Hakusema walifanya nini. Walionekana kwa macho ya mtu, basi. Mmoja, Barasa mchonga mipini, ameacha mke mjamzito.

Wewe si mtu wa kuinua kichwa mwaka huu. Unajua ninalosema, na sitaliandika kwenye karatasi.

Mzee Kituyi, karani wetu wa kanisa, anakusalimu. Bado anaandika daftari la kanisa kwa ile kalamu yake inayovuja, na mkono wake wa kulia ni wa buluu mpaka kwenye kiwiko. Shule ya kanisa ina watoto sitini sasa. Rael amekuwa wa pili. Wa kwanza ni mjukuu wa Mzee Kituyi, na Rael anasema kuna upendeleo.

Tengeneza kiatu.

Tryphosa Nanzala


Mahabusu, Eldoret
27 Machi 1949

Mama Rael,

Barua hii inasomwa na afisa kabla ya kufika kwako, basi nawasalimu nyote wawili.

Nilifuata neno lako. Kwa wiki mbili watoto walisema Baba Yetu mpaka mabati yakatetemeka, na Shitanda akaridhika. Tarehe 16 akaja Bwana pamoja na afisa wa polisi na askari wawili. Afisa akawaambia watoto, "Ombeni kama mnavyoomba siku zote."

Watoto wale hawajawahi kuona wageni wakubwa namna ile. Wakataka kuwapa kilicho bora. Chepkoech akainamisha kichwa, wengine wakamfuata, wote arobaini na mmoja, wakawapa wageni sala nzuri kuliko zote walizo nazo. Nilitaka kupiga kelele, semeni Baba Yetu, jamani, semeni!  Kimya kikaenda, kikaenda. Afisa akamgusa mtoto mmoja begani akamuuliza, "Mnamwomba nani?" Mtoto akajibu, "Hatusemi. Ni siri ya mtu na Mungu wake." Maneno hayo nilimfundisha mimi.

Nilitiwa pingu mbele yao. Chepkoech aliendelea kuinamisha kichwa kwa sababu sikuwa nimegonga ubao.

Afisa ameniambia hivi. Kanisa langu likileta barua iliyotiwa sahihi na wazee, ikisema kwamba mimi ni mshiriki wenu, na kwamba sijawahi kusali na watu wa Msambwa hata mara moja, nitarudi kwenye chaki yangu. Isipofika kabla ya tarehe 30 Juni, nitapelekwa kizuizini kaskazini pamoja na wengine, na muda wa huko haujulikani.

Nenda kwa Mzee Kituyi siku hiyo hiyo utakayoipata barua hii.

Wilson Murunga


Chwele
4 Aprili 1949

Baba Rael,

Nilikwenda kabla sijamaliza kuisoma. Mzee Kituyi aliandika barua usiku ule ule, na jana Jumapili kanisa lilikaa juu ya jambo lako.

Wewe unajua desturi yetu, lakini namweleza bwana anayesoma kabla yako. Bwana, kwetu hatupigi kura. Karani anasoma jambo, kisha tunakaa kimya mpaka sote tuwe na neno moja, wanaume na wanawake. Mtu mmoja akiwa na uzito moyoni, jambo linangoja kikao kingine, na hakuna anayelazimishwa kusema uzito wake ni nini. Tena hatuapi. Kwa sababu hatuapi, kila neno tunaloandika lazima liwe kweli, maana hatuna neno jingine kubwa la kulisaidia.

Basi jana hatukupata umoja. Jambo lako limengoja mpaka tarehe 1 Mei.

Nimekutumia blanketi na soksi. Rael ameweka barua yake ndani ya soksi.

Tryphosa Nanzala


Mahabusu, Eldoret
17 Aprili 1949

Mama Rael,

Limengoja? Nimekaa na neno hilo siku tano. Jambo langu halingoji, Mama Rael, linakohoa. Tuko kumi na wanane katika chumba cha watu sita. Jana lori limechukua wanne.

Nani ana uzito? Usinifiche. Ni Kituyi mwenyewe. Alitaka uolewe na mwanawe, ukanichagua mimi nisiye na ng'ombe, na miaka kumi na mmoja hajalisahau. Anatabasamu, anavuja wino, anasema tungoje. Mpelekee kuku. Mpelekee yule jogoo mwekundu. Mwambie nitamwomba msamaha mbele ya kanisa zima kwa kosa lolote analolitaka, hata nisilolifanya.

Barua ya Rael imefika. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Wilson Murunga


Chwele
8 Mei 1949

Baba Rael,

Nilimpelekea Mzee Kituyi jogoo. Alimkataa. Alisema hana neno nawe, wala mwanawe hana, na kwamba anakuombea kwa jina kila alfajiri. Alilia mbele yangu, mtu mzima yule.

Tarehe 1 tulikaa tena kuanzia asubuhi mpaka watoto wakalia njaa. Hatukupata umoja.

Usimchukie mzee. Nakuomba hilo tu kwa leo. Kalamu ni nzito.

Tryphosa Nanzala


Eldoret
15 Mei 1949

Nanzala,

Barua hii haipiti kwa afisa. Inatoka na Kipyego, anayeendesha mkokoteni wa maziwa kutoka shambani mpaka hapa gerezani. Kipyego ni baba yake Chepkoech. Atampa Nelima, yule mama anayeuza vitunguu kwenye treni ya Bungoma, naye atakufikishia mkononi. Jibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa nasema wazi. Namchukia Kituyi. Simwonei haya mtu, namchukia. Ninaamka naye, ninalala naye. Nikijaribu kukaa kimya niombe namwona na mkono wake wa buluu, na badala ya kuomba ninamtakia mabaya. Juzi nimemtakia kifo. Niliwafundisha watoto wa watu kuongea na Mungu ndani ya matumbo yao, na mimi mwenyewe tumboni mwangu kuna mzee mmoja tu na kalamu. Hili ndilo walilonifanyia. Pingu si kitu.

Kama unakula ugali na watu wale, uache.

Murunga


Chwele
24 Mei 1949

Baba Rael,

Nelima amekaa hapa anangoja, anameza uji wangu, na mimi lazima niandike haraka kabla moyo haujarudi nyuma.

Aliyezuia ni mimi.

Si Mzee Kituyi. Si mzee yeyote. Siku ile ya kwanza alisoma barua yake, akauliza nani ana uzito, wazee wakanyamaza kwa kukubali. Kisha akanigeukia. "Mama Rael, wewe ndiwe unayemjua kuliko sisi. Tuandike hivi, kwamba hajawahi hata mara moja?" Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Halafu nikaliona lile koti.

Niliosha koti lako kwa majivu mara tatu, Baba Rael. Ulirudi nalo kutoka Malakisi damu ya ndugu yako Nathani imeganda mgongoni, kwa sababu ulimbeba mpaka mtoni avuke aende Uganda. Ukaniambia mwenyewe, ukilia, kwamba ulikwenda kumtoa Nathani katika watu wale, ukamkuta amepiga magoti anaomba, na wewe ukashindwa kusimama peke yako watu wakiomba. Ukapiga magoti kando yake. Uliomba nao. Mara moja, lakini uliomba nao. Halafu risasi zikaanza.

Nikisema ndiyo, ninawafanya wazee saba waandike uongo bila kujua, watu ambao hawajawahi kuandika uongo katika daftari lile tangu kanisa lianze. Nikisema hapana, ninakupeleka kaskazini kwa mdomo wangu. Nikaufunga. Mzee Kituyi aliningoja muda mrefu, kisha akaandika kwamba jambo lingoje. Kikao cha pili kikawa vile vile. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ndiyo heshima yetu, na nilitamani siku zile tungekuwa kanisa la kupiga kura, wanishinde saba kwa mmoja, niende nyumbani nikalale.

Nilikuacha umdhanie mzee kwa sababu niliona haya. Sasa unamtakia kifo mtu anayekuombea, na hilo siwezi kulibeba pamoja na haya mengine.

Kikao cha mwisho kabla ya siku yako ni Jumapili tarehe 5 Juni. Niambie la kufanya. Ukisema niseme ndiyo, nitasema. Nisipopata neno lako nitakaa kimya kama nilivyokaa, kwa maana sina nguvu ya kuchagua peke yangu.

Nichukie mimi. Mimi ndiye mwenye haki ya chuki hiyo.

Mkeo,
Nanzala


Chwele
5 Juni 1949, Jumapili

Baba Rael,

Neno lako halikuja, na nimechagua peke yangu.

Alhamisi mke wa Barasa aliitwa kwa chifu. Wakampa kofia ya mumewe na mkanda wake. Wakamwambia alikufa kwa homa huko kaskazini mwezi wa nne, na mtoto alizaliwa mwezi huo huo. Niliishika ile kofia mikononi mwangu. Ina jasho bado.

Leo Mzee Kituyi akasoma barua kwa mara ya tatu. Akanigeukia. Aliniangalia sana, Baba Rael, kama anayetaka kunipa nafasi ya kutoroka. Nikasema, "Hajawahi. Andikeni." Nilisema kwa sauti, mbele za Mungu, katika nyumba ambayo baba yangu alichoma matofali yake.  Mzee akachovya kalamu akatia sahihi, na wazee sita wakafuata. Mwana wa Mzee Kituyi, huyo huyo unayemsema, anaondoka na treni ya kesho kuipeleka mwenyewe mkononi mwa afisa. Jumanne itakuwa huko.

Nimefika nyumbani. Nimekoka moto, nimepika maharagwe mengi kuliko tunayoweza kula, nimeimba. Rael ananiuliza mama una nini. Sijui nina nini. Nimetenda dhambi kubwa na nina furaha, na furaha yenyewe inaniogopesha. Njoo nyumbani. Tutatubu wote wawili tukiwa tumeshiba.

Nanzala wako


Eldoret
6 Juni 1949

Mama Rael wangu,

Barua yako ya tarehe 24 nimeipata jana jioni. Mtoto wa Nelima aliugua, akachelewa. Nimeisoma kikao chenu kikiwa kimekwisha, na nilijua bila kuambiwa kwamba umekaa kimya tena, peke yako, mbele ya watu wote.

Kwanza nilicheka. Wenzangu wakadhani nimepata wazimu. Nimemchukia mzee wa watu miezi miwili bure! Mwambie naomba msamaha. Usimwambie kwa nini, au mwambie, vyovyote utakavyoona. Kisha nililia. Wewe umebeba koti lile mgongoni mwako mwaka na zaidi, na mimi nilikuwa nakuandikia habari za jogoo.

Usibebe tena. Asubuhi hii nimeomba kumwona afisa. Nimemwambia kweli. Nimesema nilikuwa Malakisi siku ile, nilimkuta mtu wangu akiomba, nikapiga magoti nikaomba pamoja nao, na kama hilo ni kosa, ni langu, kanisa halijui. Akaniuliza mtu wangu ni nani. Hapo nikanyamaza, na kwa kunyamaza huko nimelipwa, lakini meno bado ninayo mengi. Ameandika kila kitu na mimi nimetia sahihi.

Kaskazini nitakwenda. Lakini ningekwenda tu, maana kikao kimepita. Sasa nakwenda bila kukuacha na mzigo. Hakuna mtu tena atakayekuuliza neno lolote juu yangu. Mikono yako ni safi, ya wazee ni safi, daftari ni safi. Jana usiku nimekaa kimya nikaomba, mara ya kwanza tangu Aprili, na hakuna mtu mwingine aliyekuwemo.

Mwambie Rael shule aishike sana. Nitaandika nikifika.

Mumeo anayekupenda,
Wilson Murunga


Chwele
18 Septemba 1949

Baba Rael,

Sijui kama barua hii itakufikia. Nimeandika jina lako na neno Kaskazini, na karani wa posta ameitazama akatikisa kichwa, kisha akaipokea kwa kunihurumia. Nakuandikia kama mtu anayejua, kwa sababu huenda hujui.

Barua ya wazee ilifika kwa afisa tarehe 7 Juni. Maneno yako yalikuwa tayari mezani kwake tangu tarehe 6. Akaviweka vyote viwili pamoja.

Askari walikuja na malori mawili. Waliwachukua wazee wote saba kwa kudanganya serikali, na mwana wa Mzee Kituyi kwa kuibeba barua. Kanisa limetiwa kufuli. Shule imetiwa kufuli, watoto sitini wamerudi kuchunga mbuzi. Mimi hawakunichukua. Sikutia sahihi popote, na neno la mwanamke katika kikao halikuandikwa mahali.

Siku ya kesi hakimu aliwapa njia. Aliwaambia waseme tu kwamba kuna mtu aliyewadanganya, wamtaje, waende nyumbani. Nikasimama nikasema ni mimi, mimi niliyewadanganya, hawa hawakujua. Askari akanikalisha. Hakimu akamuuliza Mzee Kituyi kama ni kweli. Mzee alinyamaza mpaka hakimu akagonga meza. Ndipo akasema, "Bwana, nilimwona mama huyu na uzito vikao viwili. Sikumuuliza ni uzito gani kwa sababu nilijua. Siku ya tatu uzito wake haukuwa umeondoka, na mimi nilitia sahihi. Usiandike kwamba nilidanganywa." Wengine sita wakaulizwa mmoja mmoja. Kila mmoja akasema neno lake ni hilo hilo la karani. Walipewa miezi sita ya kazi ngumu.

Mzee Kituyi alikufa tarehe 2 Septemba. Wanasema ni kifua. Hatukupewa mwili.

Rael nimempeleka kwa misheni ya ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili. Huko wanaomba kwa sauti, wakiwa wamesimama. Amekuwa hodari, sauti yake inasikika kuliko zote. Jumapili tunakaa nje ya mlango wa kanisa, sisi wanawake, tunakaa kimya kama zamani. Rael hataki kukaa nasi. Anasema kimya ndicho kilichomfunga baba.

Usiniandikie kwamba umenisamehe. Wala mimi sitakuandikia hivyo, ingawa usiku mwingine nina hasira nawe, nasema kwa nini hukungoja, siku moja tu, Baba Rael, siku mbili! Kisha nakumbuka kwamba hata mimi sikungoja. Wewe ulitaka kuniondolea mzigo na mimi nilitaka kukutoa, na tumemuua mzee wa watu kati yetu.

Mjane wake anapita hapa kila asubuhi tuende mtoni pamoja. Tunaongea habari za mvua, za mahindi, za mwanawe aliyeko jela. Hanitazami vibaya. Nimengoja aseme, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Jana nilishindwa. Nilitua mtungi njiani nikamwambia, "Mama, nitukane. Nipige. Nimekuulia mume."  Akaniuliza kama nimekula tangu jana. Nikasema sijala. Akafungua kanga yake akatoa kiazi, akakimenya ganda kwa kidole, akakaa pale njiani kuhakikisha nimekimaliza chote.

Mkeo,
Tryphosa Nanzala